Faili Ipo Lakini Haipatikani: Ulinganisho wa Njia Nne za Kurekebisha Utafutaji kwenye Kompyuta

Mtu anaandika jina la waraka kwenye kisanduku cha kutafutia, anasubiri, kisha kompyuta inamjibu kwamba hakuna kinacholingana na alichokiandika, ilhali waraka huo aliuhifadhi mwenyewe wiki iliyopita, na akifungua folda moja baada ya nyingine anaukuta mahali palepale alipouacha. Wengi wakifika hapo huchukua mojawapo ya hatua mbili: ama wanasakinisha mfumo endeshi upya, jambo ambalo ni kubwa kuliko tatizo lenyewe, au wanapakua programu yoyote ya kutafuta wanayokutana nayo kwenye intaneti, na baada ya siku chache wanagundua kwamba nayo haioni kile walichokuwa wakikitafuta. Tatizo si uvivu wala kutojua kompyuta. Utafutaji wa faili si kazi moja, na dawa ya aina moja ya utafutaji haitibu aina nyingine.

Katika ulinganisho huu nimeziweka njia nne bega kwa bega. Ya kwanza ni kukarabati utafutaji uliokuja na mfumo endeshi wenyewe, yaani Windows Search kwenye Windows au Spotlight kwenye Mac. Ya pili ni kutumia programu inayotafuta majina ya faili tu, kama vile Everything kwenye Windows na plocate kwenye Linux. Ya tatu ni kutafuta bila faharasa yoyote, programu ikizisoma faili zenyewe wakati uleule unapouliza. Ya nne ni kujenga faharasa ya pili, iliyo huru na ile ya mfumo, kwa programu kama Recoll au DocFetcher. Kila moja ina mahali inapozishinda nyingine waziwazi, na mahali ambapo kuichagua ni kujipotezea muda.

## Jina au yaliyomo?

Kabla ya kuchagua, mtu ajiulize anakumbuka nini kuhusu faili anayoitafuta. Akikumbuka jina, hata kipande chake tu, anahitaji chombo kimoja. Akikumbuka maneno yaliyoandikwa ndani, anahitaji kingine. Tofauti hii inatokana na namna kompyuta inavyohifadhi vitu. Majina ya faili zote, pamoja na tarehe na ukubwa wake, yamekusanywa katika kumbukumbu zinazotunzwa na mfumo wa faili wenyewe. Kwenye diski za Windows zilizoandaliwa kwa NTFS, mfumo wa faili wa kawaida wa Windows, jedwali lenye kumbukumbu hizo huitwa Master File Table, na kulisoma lote ni kazi ya muda mfupi sana. Yaliyomo hayana jedwali la namna hiyo. Yametawanyika diski nzima, kila aina ya faili ikiwa na muundo wake, na ili yatafutike kwa haraka lazima programu izifungue faili mapema, itoe maneno yaliyomo, na kuyapanga katika orodha. Orodha hiyo ndiyo faharasa, na kazi yake ni ileile ya faharasa iliyo mwishoni mwa kitabu: inamwelekeza msomaji kwenye ukurasa bila kumlazimisha kusoma kitabu kizima.

Kuna jaribio dogo ambalo ningemsihi kila mtu alifanye kabla ya kugusa mipangilio yoyote, kwa sababu linachukua dakika chache na linaokoa saa nyingi. Unda faili ya maandishi kwenye folda ya nyaraka zako, uipe jina lisilofanana na lingine lolote, tuseme «kongoti», na ndani yake uandike neno jingine la pekee, tuseme «sululu». Subiri kidogo, kisha tafuta «kongoti», halafu tafuta «sululu». Yakikosekana yote mawili, huenda huduma ya utafutaji imezimwa au faharasa imeharibika. Jina likipatikana lakini neno la ndani likakosekana, folda hiyo haimo kwenye faharasa au aina hiyo ya faili imewekwa isomwe sifa zake tu. Yote mawili yakipatikana na bado waraka wako wa zamani haupatikani, basi utafutaji ni mzima, na chanzo kiko kwenye waraka wenyewe: umekaa mahali pasipochunguzwa, au ni picha ya karatasi isiyo na maandishi, au unautafuta kwa neno ambalo halimo kwa umbo hilo. Matokeo ya jaribio hili ndiyo yatakayokuonyesha ni njia gani kati ya nne inakufaa.

## Kukarabati utafutaji wa mfumo

Njia hii ndiyo ya kuanza nayo kwa mtu ambaye jaribio lake limeshindwa kabisa, kwa sababu haihitaji kusakinisha chochote na matokeo yake yanaonekana kila mahali: kwenye menyu ya kuanzia, ndani ya folda, na hata katika programu ya barua pepe inayotegemea faharasa hiyohiyo.

Kwenye Windows, hatua ya kwanza ni kuthibitisha kwamba huduma iitwayo Windows Search inafanya kazi. Dirisha la «Services» huonyesha kama imewashwa na kama imewekwa ijiwashe yenyewe kompyuta inapowaka. Nasisitiza hatua hii kwa sababu ushauri wa kuizima huduma hiyo ili kompyuta iende kasi umeenea mno, na wengi waliuzingatia zamani wakasahau. Huduma ikiwa imezimwa, utafutaji ndani ya folda bado unaweza kutoa majibu, lakini kwa kukagua faili moja baada ya nyingine, polepole, na mara nyingi kwa majina pekee.

Hatua ya pili ni kuangalia faharasa inachunguza maeneo gani. Tangu toleo la Windows 10 lililotoka mwaka 2019, mtumiaji huchagua kati ya hali mbili: «Classic», ambayo hushughulikia folda za nyaraka, picha, muziki na eneokazi tu, na «Enhanced», ambayo hujaribu kuchunguza kompyuta nzima. Mtu anayehifadhi kazi zake kwenye diski ya pili huku akiwa kwenye hali ya kwanza atakuwa analalamikia ugonjwa usiokuwepo. Si lazima ahamie hali ya pili. Anaweza kuongeza folda zake kwa mkono kupitia «Indexing Options», na mimi napendelea hivyo, kwa kuwa faharasa ndogo yenye vitu vinavyohitajika ni nyepesi na haikwami ovyo. Microsoft yenyewe inaeleza kwamba utendaji unaweza kuanza kuzorota vitu vikizidi 400,000, na kwamba kikomo cha faharasa ni takriban vitu 1,000,000. Mtu mwenye folda za miradi ya kompyuta, ambazo kila moja hubeba maelfu ya faili ndogondogo, hufika huko mapema kuliko anavyodhani.

Hatua ya tatu ni aina za faili. Kila kiendelezi, yaani herufi za mwisho wa jina la faili kama .pdf, kimewekwa ama kisomwe sifa zake tu, ama sifa pamoja na yaliyomo. Windows husoma yaliyomo kwenye PDF bila nyongeza yoyote tangu toleo la 8, lakini aina nyingine hutegemea programu iliyozileta kama imeweka kichujio chake, yaani kipande cha programu kinachotoa maneno yaliyomo kwenye aina hiyo ya faili. Aina isiyo na kichujio itaonekana kwa jina tu, hata faharasa iundwe upya mara kumi.

Baada ya hayo yote ndipo kuunda faharasa upya kunapokuwa na maana. Kitufe cha «Rebuild» kilichomo kwenye mipangilio ya ndani ya «Indexing Options» hufuta faharasa ya zamani na kuanza nyingine. Faili za mtumiaji haziguswi hata moja. Kazi hiyo inaweza kuchukua saa kadhaa kwenye kompyuta yenye faili nyingi, na katika muda huo majibu yatakuwa pungufu. Hapa ndipo watu wanapojiangusha: wanabonyeza kitufe, wanatafuta baada ya dakika tano, wanakosa, wanabonyeza tena, na kila wanapobonyeza wanairudisha kazi mwanzo. Kompyuta iachwe imechomekwa kwenye umeme, kwa kuwa uundaji hupunguzwa kasi au husimamishwa inapotumia betri, na isishughulishwe sana, kwa kuwa huduma hiyo humpisha mtumiaji anapokuwa kazini. Idadi ya vitu vilivyokwisha kuingizwa huonyeshwa kwenye dirisha lilelile. Ikiwa inapanda, subira ndiyo dawa. Ikiwa imesimama kwa saa nyingi kwenye namba moja, huenda kuna faili mbovu inayoikwamisha huduma hiyo, na kuondoa folda moja moja kutoka kwenye orodha hadi kazi iendelee ndiko kunakoweza kumfichua mkosaji.

Kwenye Mac, ukarabati ni mfupi zaidi. Diski au folda yenye matatizo huongezwa kwenye orodha ya faragha ya Spotlight, yaani orodha ya maeneo yasiyochunguzwa, kisha huondolewa tena, na kuondolewa huko hulazimisha faharasa yake ijengwe upya. Wanaozoea kuandika amri hutumia `sudo mdutil -E /` kwa kazi hiyohiyo, na `mdutil -s /` kuona kama uchunguzi umewashwa.

Udhaifu wa njia hii ni kwamba mtumiaji hana udhibiti mkubwa. Mfumo ndio unaoamua wakati wa kufanya kazi, namna ya kupanga majibu, na namna ya kulinganisha maneno. Faharasa iliyoharibika kwa sababu ya diski inayojaa au kompyuta inayozimika ghafla itaharibika tena sababu hiyo isipoondolewa.

## Programu za majina: kasi isiyo na mshindani

Kwa mtu anayekumbuka jina la faili, sioni sababu ya kuteseka na ukarabati. Everything, programu ya bure ya David Carpenter inayotolewa kwenye tovuti ya voidtools, haizunguki folda kwa folda. Inasoma lile jedwali la NTFS moja kwa moja, kisha inafuatilia daftari la mabadiliko ambalo mfumo wa faili hulitunza wenyewe, hivyo faili iliyoundwa sasa hivi huonekana sasa hivi, na hata programu ikiwa ilikuwa imefungwa hujua kilichobadilika tangu ilipofungwa. Waundaji wake wanasema kwamba usakinishaji mpya wa Windows 10, wenye faili kama 120,000, huingizwa kwa takriban sekunde 1, na faili 1,000,000 kwa takriban dakika 1, zikitumia kumbukumbu ya RAM ya kama megabaiti 75. Mtu mwenye kompyuta ya zamani yenye kumbukumbu ndogo asiwe na wasiwasi kuhusu mzigo huo.

Ukiweka takwimu hizo kando ya saa ambazo ukarabati wa mfumo huhitaji, uamuzi unaonekana umekwisha. Haujaisha, kwa sababu vinavyolinganishwa si vitu vya aina moja. Everything ni nyepesi kwa kuwa haifungui faili hata moja. Ina namna ya kuuliza yaliyomo, lakini katika toleo la kawaida namna hiyo husoma faili papo hapo bila faharasa, na kwenye folda kubwa hukawia mno. Anayekumbuka sentensi iliyokuwa ndani ya mkataba lakini hakumbuki mkataba aliuitaje hatasaidika.

Kuna mipaka mingine miwili. Kwanza, uwezo wa kusoma jedwali na daftari la mabadiliko unategemea mfumo wa diski. Flashi na kadi nyingi zimeandaliwa kwa FAT32 au exFAT, ambazo hazina daftari hilo, kwa hiyo Everything hulazimika kuzipitia folda kwa folda na kurudia upitiaji huo kwa ratiba. Pili, jedwali la NTFS lina majina ya faili zote za diski bila kujali ni za nani. Kwenye kompyuta inayotumiwa na watu kadhaa, kila mmoja kwa akaunti yake, programu hii inaweza kumwonyesha mmoja majina ya faili za mwenzake, ingawa ruhusa za kuzifungua zinabaki kama zilivyo. Jina la faili peke yake linaweza kufichua mengi, na jambo hili nalichukulia kwa uzito. Kwenye kompyuta ya namna hiyo ningefikiri mara mbili kabla ya kuisakinisha.

Kwenye Linux nafasi hiyo inashikwa na amri ya `locate`, ambayo siku hizi kwenye mifumo mingi ni plocate. Kasi yake ni ya kupendeza, ila haifuatilii mabadiliko papo kwa papo: hifadhidata yake husasishwa na `updatedb`, kwa kawaida mara moja kwa siku, hivyo faili ya asubuhi hii inaweza isionekane mpaka kesho, isipokuwa mtu aendeshe `sudo updatedb` mwenyewe. Tena, faili yake ya mipangilio, `/etc/updatedb.conf`, ina orodha ya maeneo yanayorukwa, na kwenye Debian na Ubuntu orodha hiyo ina `/media`, mahali ambapo diski za nje huunganishwa. Mtu anayelalamika kwamba plocate haioni diski yake ya nje atazame hapo kwanza.

## Neno la Kiswahili na mwanzo wa neno

Hapa pana jambo ambalo maelezo mengi ya utafutaji hayaligusi, kwa sababu yameandikwa kwa kufikiria lugha ambazo maneno yake hubadilika mwishoni. Faharasa za mfumo, za Windows na za Mac, hulinganisha zaidi kuanzia mwanzo wa neno. Anayeandika «ripo» atapata «ripoti». Kwa lugha ambayo wingi huongezwa mwishoni mwa neno, utaratibu huo unatosha. Kiswahili hubadilisha mwanzo. Aliyeita faili yake «mikataba ya mwaka jana» kisha akatafuta «mkataba» hapati kitu. Vivyo hivyo «cheti» na «vyeti», «kiambatisho» na «viambatisho». Kwa vitenzi hali ni ngumu zaidi, kwa kuwa «nililipa», «tulilipa», «walilipwa» na «malipo» vyote vinabeba mzizi mmoja ambao hauanzi neno hata mara moja.

Kwa msomaji anayehifadhi nyaraka zake kwa Kiswahili, tofauti hii inaweza kuwa na uzito kuliko kasi. Everything na plocate hulinganisha kipande chochote cha jina, popote kilipo, bila kuhitaji alama ya ziada: ukiandika «kataba» unapata mkataba na mikataba kwa pamoja, na ukiandika «lip» unapata yote yaliyotajwa hapo juu, pamoja na machache usiyoyataka. Ukitumia plocate ongeza `-i` ili herufi kubwa na ndogo zisitofautishwe. Ndani ya folda za Windows, kinyota kilichotangulia, kama `*kataba`, husaidia kwa majina. Kwenye Finder, programu ya Mac ya kufungulia folda, unaweza kuweka sharti kwamba jina liwe na herufi fulani ndani yake badala ya kuanza nazo.

Kwa yaliyomo, msaada ni mdogo. Programu za faharasa huwa na uwezo wa kurudisha neno kwenye shina lake, lakini kwa lugha zilizotengenezewa kanuni hizo. Recoll hutegemea maktaba ya Xapian, ambayo hutumia kanuni za mradi wa Snowball, na Kiswahili hakimo. Inakubali kinyota mwanzoni mwa neno, ila mwongozo wake unaonya kwamba kinyota cha mwanzo hupunguza kasi, kwa sababu programu hulazimika kupitia orodha nzima ya maneno. Ninaona ni bei inayostahili kulipwa. Anayetaka kuikwepa aandike maumbo yote mawili akiyaunganisha kwa OR: `mkataba OR mikataba`.

## Kutafuta bila faharasa

Njia ya tatu ina sifa moja ambayo nyingine hazina: haiwezi kupitwa na wakati. Hakuna orodha iliyochakaa, hakuna huduma ya kuzimika, hakuna hifadhidata ya kuharibika. Programu inafungua kila faili unapouliza na kukujibu kwa hali ilivyo wakati huo. Kwenye Windows, Agent Ransack ya Mythicsoft hufanya hivyo kwa dirisha la kawaida, na toleo lake la bure humtosha mtumiaji wa nyumbani. Kwenye Linux na Mac kuna `find` kwa majina na `grep` kwa yaliyomo, na `ripgrep`, ya Andrew Gallant, ambayo ina kasi zaidi.

Gharama yake ni muda, na gharama hiyo hulipwa upya kila unapouliza. Folda ya nyaraka mia chache hukaguliwa kabla hujachoka kusubiri. Diski nzima ya mzunguko iliyojaa faili hukufanya uondoke ufanye kazi nyingine. Kwa hiyo njia hii inamfaa anayejua takriban faili iko wapi, asiyetafuta mara kwa mara, na asiyetaka programu inayofanya kazi chinichini mchana kutwa. Inafaa pia kwa diski ya nje inayounganishwa mara moja kwa miezi, ambayo hakuna sababu ya kuitunzia faharasa.

Onyo moja ni la lazima. Faili ya DOCX, XLSX au ODT kwa ndani ni kifurushi kilichobanwa kwa ZIP chenye faili za XML. Ukiielekezea `grep`, au `findstr` ya Windows, neno ambalo una hakika limo, utaambiwa halimo, kwa sababu kilichosomwa ni data iliyobanwa na si maneno. PDF nazo mara nyingi hubana maandishi yake. Amri hizo ni za faili za maandishi matupu. Kwa nyaraka za ofisi chagua programu inayoelewa miundo hiyo, kama Agent Ransack, au `rga`, inayoiongezea `ripgrep` uwezo wa kusoma PDF, DOCX na hata vilivyomo ndani ya ZIP. Jihadhari pia na `ripgrep` yenyewe: bila kuambiwa vinginevyo huruka faili zilizofichwa na zile zilizoorodheshwa kwenye `.gitignore`, faili ambayo watengenezaji wa programu huitumia kutaja faili za kupuuzwa, na asiyelijua hilo huamini kwamba faili haipo.

## Faharasa ya pili

Mwanafunzi mwenye makala za PDF elfu tatu, mwanasheria mwenye mafaili ya miaka kumi, mfasiri anayehitaji kuona neno fulani alilitumiaje mwaka juzi: hawa wanatafuta yaliyomo kila siku, na kwao nadhani njia ya nne ndiyo bora kuliko zote, hata kama utafutaji wa mfumo wao ni mzima. Recoll humpa mtumiaji kile ambacho mfumo haumpi, yaani kuchagua folda zipi ziingizwe, lini, na kuona sentensi ambamo neno limepatikana kabla ya kufungua faili. Husoma barua pepe, viambatisho vyake, na vilivyomo ndani ya vifurushi vilivyobanwa. Hupatikana kwa Linux, Windows na Mac.

DocFetcher, inayotumia injini ya Lucene, inafanana nayo kwa lengo lakini ni rahisi zaidi kuanza nayo: unachagua folda, unaiambia iunde faharasa, unatafuta. Kuna toleo lake lisilohitaji kusakinishwa, linaloweza kubebwa kwenye flashi pamoja na nyaraka zenyewe na faharasa yake, jambo lenye manufaa kwa anayehama kutoka kompyuta moja hadi nyingine. Kati ya hizi mbili ningempa Recoll mwenye mkusanyiko mkubwa na uvumilivu wa kusoma mwongozo, na DocFetcher mwenye folda chache zinazojulikana.

Nafasi ya diski ni lazima ihesabiwe. Mwongozo wa Recoll unasema kwamba kwa mkusanyiko mchanganyiko wa kawaida, ukubwa wa faharasa hukaribia ukubwa wa nyaraka zenyewe, na barua pepe zilizobanwa zinaweza kuzaa faharasa kubwa kuliko faili zilizotoka. Diski iliyobakiza gigabaiti chache haiwezi kubeba faharasa ya mfumo na ya pili kwa pamoja, na diski iliyojaa ndiyo mojawapo ya vyanzo vya kuharibika kwa faharasa ya kwanza. Mwenye diski ya namna hiyo achague moja: apunguze maeneo yanayochunguzwa na Windows Search au Spotlight, kisha yaliyomo ayaachie Recoll.

Kwa walio wengi, ambao hutafuta jina mara nyingi na yaliyomo mara mojamoja, ningependekeza Everything kwa majina pamoja na Agent Ransack kwa yaliyomo, na utafutaji wa mfumo uachwe na folda chache za msingi ili menyu ya kuanzia iendelee kufanya kazi. Mchanganyiko huo hauna gharama ya pesa, mzigo wake ni mdogo, na hauhitaji matunzo.

## Faili ambazo njia zote nne hazizioni

Yaliyomo kwenye nyaraka za aina mbili humshinda kila mmoja wa washindani hawa, na kubadilisha programu hakusaidii.

Ya kwanza ni faili iliyo mawinguni tu. OneDrive, huduma ya Microsoft ya kuhifadhi faili mtandaoni, tangu mwaka 2017 huweza kuonyesha kwenye kompyuta jina na alama ya faili ambayo yaliyomo hayajashushwa. Faili hiyo hupatikana kwa jina, lakini hakuna programu kwenye kompyuta inayoweza kusoma maneno ambayo hayapo kwenye diski. Tiba ni kuiweka folda husika ibaki kwenye kifaa wakati wote, au kutafuta kupitia tovuti ya huduma yenyewe.

Ya pili ni karatasi iliyopigwa skani. PDF iliyotoka kwenye skana mara nyingi ni picha ya maandishi, na kwa kompyuta haina herufi hata moja. Jaribu kulichagua neno kwa kipanya. Likikataa kuchaguliwa, hakuna cha kuingizwa kwenye faharasa. Hapo inahitajika programu ya kutambua herufi, na kwa nyaraka za Kiswahili kuna habari njema: Tesseract, programu huria ya kazi hiyo, ina data ya Kiswahili chini ya kifupi `swa`. OCRmyPDF huitumia Tesseract kuongeza tabaka la maandishi chini ya picha bila kuibadilisha sura ya ukurasa, kwa amri kama `ocrmypdf -l swa skani.pdf mpya.pdf`. Skani ikiwa imepinda au wino umefifia, herufi kadhaa zitasomwa vibaya, kwa hiyo ipe faili mpya jina linaloeleza kilichomo, pamoja na mwaka, ili ipatikane kwa jina pale ambapo maneno ya ndani yamekosewa.